Kiatu cha Mguu Usiohisi

Mnamo Januari mwaka 2019, shule ninayofundisha ilitoa amri kwamba kila mwanafunzi avae kiatu cha aina moja: cheusi, cha ngozi, chenye kisigino cha kadiri, na kinunuliwe katika duka moja lililotajwa. Nia ilikuwa njema. Wanafunzi walikuwa wameanza kushindana kwa raba za bei ghali, na watoto wa wazazi wasiojiweza walikuwa wakitahayari. Sisi walimu tuliipitisha amri hiyo katika kikao cha robo saa, huku chai ikipoa mezani, na hapana hata mmoja wetu aliyenyosha mkono kuuliza swali.

Wiki ya pili ya muhula, msichana mmoja wa Kidato cha Pili alianguka kwenye ngazi za maabara. Baada ya siku mbili akaanguka tena, safari hii mbele ya gwaride la asubuhi. Naibu wa mwalimu mkuu alimwita katika chumba cha walimu akamwuliza kwa nini anatembea kama mtu ateremkaye mlima. Msichana yule ana mguu wa bandia, wa kushoto, kuanzia chini ya goti. Alijibu kwa adabu kwamba viatu vipya vinamsukuma mbele. Akaambiwa atavizoea, kama wenzake walivyovizoea.

Nilikuwa nimeketi meza ya pili kutoka hapo. Nilisikia kila neno, na nilijua kwa yakini kwamba hatavizoea, kwa kuwa mimi pia mguu wangu wa kulia ni wa bandia. Ule wa asili niliupoteza katika ajali ya barabarani, na kwa miaka mingi huu wa pili nimeuficha ndani ya suruali ndefu, hata baadhi ya walimu wenzangu wakawa wanaamini kwamba nachechemea kwa maradhi ya baridi yabisi. Kwa kuchelea kufichuka, nilinyamaza. Niliendelea kusahihisha insha zangu kana kwamba sikusikia lolote.

Sasa niseme nililopaswa kulisema siku ile.

Watu wengi hudhani kwamba mguu wa bandia ukishatengenezwa umekamilika, na kwamba kiatu ni pambo tu la kuufichia. Sivyo hata kidogo. Mguu wa kuzaliwa una kifundo kinachopinda. Ukivaa kiatu chenye kisigino kirefu, kifundo kinajirekebisha chenyewe. Ukikivua, kinarudi kilivyokuwa, wala hutambui kwamba kazi yoyote imefanyika. Nyayo nyingi za bandia hazina uwezo huo. Aina iliyoenea zaidi ulimwenguni, ambayo ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1950, haina kifundo kabisa. Ndani yake mna kiini kigumu, na kwenye kisigino mna sponji laini inayobonyea mtu akanyagapo. Ni wayo rahisi, imara na wa bei nafuu, na sifa zake ni za haki. Lakini pembe kati ya wayo huo na muundi haibadiliki. Fundi anapoufunga mguu huupima mtu akiwa amevaa kiatu, na tangu saa ile mguu mzima umefungamana na kimo cha kisigino cha kiatu hicho. Nyayo nyingi za viwandani hutengenezwa kwa kisigino kilichozidi sehemu ya mbele ya kiatu kwa milimita 10 hivi.

Walimu wa hisabati wanaweza kuwapa wanafunzi wao hesabu hii. Tuseme umbali kutoka kisigino hadi mahali vidole vinapoanzia ni milimita 180. Mvalishe mtu mwenye wayo usiopinda kiatu ambacho kisigino chake kimezidi kile alichopimiwa kwa milimita 20 tu, yaani kama upana wa kidole gumba. Wayo utainama mbele kwa digrii zipatazo 6, na muundi utaufuata kwa kuwa hauna njia nyingine. Katika kimo cha goti, ambacho tukikadirie kuwa sentimita 45 kutoka sakafuni, goti litakuwa limesukumwa mbele sentimita 5. Mtu huyo sasa yumo katika hali ya kupiga goti kila anapokanyaga. Ni lazima alizuie kwa nguvu za paja, hatua kwa hatua, kutoka bwenini hadi darasani na kutoka darasani hadi maabara, kutwa nzima. Na penye ngazi, paja lililochoka humwangusha.

Kisigino kikiwa kifupi kuliko kilichopimwa, mambo hugeuka. Goti husukumwa nyuma, na mwenye mguu huhisi kama apandaye kilima kisichokuwa na kilele. Jioni mgongo humuuma, na kigutu chake kikawa kimechubuka upande wa mbele, mahali ambapo ukingo wa kikombe kinachokishika kigutu hugandamiza mfupa.

Jambo ambalo hata wauza viatu hawalijui ni kwamba urefu wa kisigino peke yake si kitu. Lililo muhimu ni tofauti kati ya unene wa soli nyuma na unene wake mbele. Kiatu chenye soli nene ya sentimita 4 kutoka mwanzo hadi mwisho hakimsumbui mwenye mguu wa bandia, almuradi wa pili uwe sawa nacho na uzito wake uwe wa wastani. Kile chenye umbo la staha, ambacho mama yeyote angekichagulia bintiye kwa shule, ndicho kinachoweza kumwangusha.

Nimetaja uzito, na hapa yafaa nikae kidogo. Ndoo ya maji uliyoikumbatia kifuani si sawa na ndoo ile ile iliyotundikwa kwenye ncha ya mti mrefu ulioushika kwa mkono mmoja. Kiatu kiko kwenye ncha ya mti. Gramu mia mbili zilizoongezwa kwenye soli huvuta kikombe kitoke kwenye kigutu kila mguu unapoinuliwa, na msuguano huo ndio uletao malengelenge. Buti zile nzito ambazo vijana huzipenda, kwetu sisi ni adhabu.

Hapa Pwani tuna tatizo jingine, la kuvua. Mtu haingii na viatu nyumbani kwa watu, wala hakanyagi jamvi la msikiti navyo. Mimi nikivua kiatu mlangoni, mguu wangu hukosa kile kisigino uliopimiwa, na goti husukumwa nyuma papo hapo. Nimekwisha kusimama katika kumbi za harusi nimeuegemea ukuta, wenyeji wakidhani nina kiburi cha kutotaka kuketi nao.

Tatizo hili hili ndilo lililowasumbua watu wa mji wa Jaipur, nchini India. Wagonjwa katika hospitali ya Sawai Man Singh walipewa nyayo za mtindo wa Ulaya na Marekani, ambazo sharti zitiwe kiatu, ilhali wao walikuwa wakulima waliozoea kutembea peku, kuchuchumaa, kuingia katika mashamba ya mpunga yenye maji, na kuvua viatu kwenye mahekalu na majumbani mwao. Miguu ile haikuwafaa. Mnamo mwaka 1968, daktari mmoja wa mifupa, P. K. Sethi, na fundi mmoja wa sanaa za mikono, Ram Chandra Sharma, ambaye elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo, walibuni wayo wa mpira wenye umbo na rangi ya wayo wa mtu, wenye vidole, unaopinda kila upande na kuhimili maji, ambao hauhitaji kiatu. Dakta Sethi alitunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1981. Naona jina la fundi Sharma lilistahili kuwa kando ya lake, lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Funzo ninalolichukua kwao ni hili, kwamba walianza kwa kutazama jinsi watu wanavyoishi, ndipo wakashika mpira na kisu.

Hata hivyo, wayo wa Jaipur humfaa zaidi atembeaye peku. Mwanafunzi wa Kenya hutakiwa avae kiatu kuanzia saa moja ya asubuhi, na mwalimu wake pia.

Na kukivaa kwenyewe ni kazi. Jaribu, msomaji, kukitia kiatu kwenye wayo usiopinda kifundo wala vidole. Ni sawa na kumvisha sanamu. Wayo unakwama kwenye ulimi wa kiatu, kisigino kinakunja ukosi wa nyuma, na kijiko cha kuvalia viatu kinapinda. Mimi hutumia mfuko laini wa nailoni: nauvika wayo, nauteleza ndani ya kiatu, kisha nauchomoa mfuko. Kiatu kinachotufaa ni kile ambacho kamba zake zinaanzia mbali, karibu na vidole, kikafunguka kama mdomo wa mamba.

Wengi hutushauri tuvae ndara. Ushauri huu hutolewa kwa huruma, nao haufai. Ndara hushikwa na vidole viwili vinavyoibana gidamu, kama vile wazee wetu walivyoubana msuruaki wa mitalawanda. Kidole cha bandia hakibani kitu. Ndara huchomoka hatua ya tatu, na kwa kuwa wayo hauhisi, mwenyewe hana habari mpaka asikie kicheko nyuma yake. Cha ajabu ni kwamba kiatu kinachodharauliwa kuliko vyote nchini mwetu, yaani akala la tairi la gari, kina mengi tunayoyataka: soli yake karibu ni sawa mbele na nyuma, haitelezi, haipenywi na mwiba, na ina ukanda unaopita nyuma ya kisigino. Sikuambii kwamba akala ni jepesi. Lakini aliyelibuni alikuwa akifikiri juu ya njia za mawe, na mawazo ya namna hiyo ndiyo nisiyoyaona katika viatu vingi vya madukani.

Fundi wangu wa viatu yuko Mwembe Tayari, chini ya mwavuli uliotoboka. Siri yangu aliijua kabla ya mtu yeyote shuleni, na sikumwambia mimi. Siku ya kwanza nilimpelekea viatu abadilishe soli. Akavipindua, akavitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwalimu, mguu huu wa kulia una nini? Kushoto soli imelika pote, kulia imelika kisigino peke yake, tena ukingo wa nje."

Nikamwambia ni ajali ya zamani.

"Ajali ya zamani haili soli namna hii," akasema. "Leta huo mguu niutazame."

Niliketi juu ya debe lake, nikapandisha suruali mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Aliubonyeza wayo kwa kidole gumba, akapima kisigino kwa shubiri, kisha akapunguza kisigino cha kiatu kwa kisu chake kidogo kidogo, akinisimamisha na kuniketisha mara nne. Alichana mshono wa mbele akaongeza matundu mawili ya kamba. Alinitoza bei ya soli tu. Siku ile nilitembea hadi Kongowea bila ya kupumzika. Bwana yule hajapata kusomea kazi ya miguu ya bandia mahali popote. Kanda yetu hii ina chuo cha Moshi, Tanzania, ambacho tangu mwaka 1981 kimekuwa kikiwafunza mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, na shirika la APDK liliasisiwa mwaka 1958 kwa ajili ya kuwahudumia watu wenye ulemavu. Mafundi wa miguu tunao, ijapokuwa hawatoshi. Mafundi wa viatu tunao katika kila kituo cha magari. Lakini sijapata kuwaona watu wa makundi haya mawili wameketi meza moja.

Nao mguu uliobaki usisahauliwe. Baadhi yetu tumekatwa kwa sababu ya ajali, lakini wengi hukatwa kwa sababu ya maradhi ya sukari, na maradhi hayo hayaondoki pamoja na mguu ulioondolewa. Wayo uliosalia huwa umepungukiwa na hisia, na mshono mdogo ndani ya kiatu unaweza kuanzisha kidonda kitakachouondoa nao. Kwa hivyo mgonjwa huyu anahitaji jozi yenye sifa mbili: upande mmoja mpana, laini, usio na mshono wa ndani, na upande wa pili ulioshika wayo mgumu barabara bila ya kuyumba. Kwa mtoto kuna zaidi. Mguu wake wa asili hukua, wa bandia haukui mpaka ubadilishwe, basi ndani ya mwaka mmoja anaweza kuhitaji namba 4 huku na namba 3 kule. Dukani hawauzi kiatu kimoja kimoja. Mzazi hununua jozi mbili, au hununua moja na kujaza pamba.

Sisemi kwamba viwanda haviwezi kusikia. Huko Marekani, mnamo mwaka 2012, mwanafunzi mmoja wa umri wa miaka 16, Matthew Walzer, ambaye ana ugonjwa wa kupooza ubongo, aliiandikia barua kampuni ya Nike akieleza kwamba anakaribia kwenda chuo kikuu na hawezi kujifunga kamba za viatu. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilitoa kiatu ambacho zipu yake inazunguka hadi nyuma, na kisigino kizima kikafunguka kama mlango. Hakikukusudiwa watu wa miguu ya bandia, lakini yeyote aliyewahi kushindana na wayo usiopinda anaona mara moja faida yake. Barua ya mtoto wa shule ilifanya hayo. Tatizo letu ni kwamba viatu vya namna ile bei yake haishikiki kwa mzazi wa kawaida wa Kenya.

Ndiyo maana ombi langu ni dogo, nalo halihitaji zipu. Kila kiatu kina namba ya ukubwa iliyochapwa chini ya soli au kwenye sanduku. Waunda viatu wetu na waongeze namba ya pili: tofauti ya unene wa soli nyuma na mbele, kwa milimita. Mwenye kiwanda anaijua tayari, kwa sababu hawezi kuunda kiatu bila ya kuijua. Kuichapa hakumgharimu kitu. Mwenye mguu wa bandia akiingia dukani angesoma namba hiyo, akajua kama kiatu ni chake au si chake, badala ya kununua kwa kubahatisha kama ninunuavyo mimi na kugundua kosa akiwa ngazini. Fundi wa mguu naye angemwandikia namba yake kwenye karatasi, kama daktari wa macho aandikavyo nguvu za miwani.

Wako watakaosema kwamba siku hizi kuna nyayo zenye kitufe cha kurekebishia kisigino. Ni kweli, zipo, na ni kazi ya ufundi wa ajabu. Lakini Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba ni mtu 1 tu kati ya 10 wenye kuhitaji vifaa saidizi aliyekuwa akivipata. Haiwi haki kumwambia aliyesubiri miaka kupata wayo wa kawaida kwamba dawa ya kiatu chake ni kupata wayo wa kitajiri.

Kuhusu shule, Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Walimu wenzangu, sioni jinsi gani tunaweza kuisoma haki hiyo darasani asubuhi, kisha mchana tukamwondolea mtoto kiatu kinachomsimamisha. Sare itajwe kwa rangi. Mengine na yaachiwe mguu.

Msichana yule alikosa masomo muda wa wiki tano. Alikaa nyumbani akitumia magongo, kwa sababu kigutu kilikuwa kimevimba hata kisiweze kuingia katika kikombe chake. Ilikuwa katika kikao cha mwezi wa Machi, jina lake lilipotajwa miongoni mwa watoro, ndipo nilipoinuka. Nilipandisha suruali, nikauweka mguu juu ya kiti, nikaomba rula. Nilipima kisigino cha kiatu changu mbele yao, kisha cha kiatu cha sare kilicholetwa kutoka stoo. Changu kilizidi mbele kwa milimita 10. Cha sare, milimita 31. Naibu wa mwalimu mkuu alichukua rula akapima mwenyewe, mara mbili, kisha akauliza ni nani anayejua nyumbani kwa yule mtoto.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kongowea pamoja na msichana huyo na mama yake. Tulipita kwenye marundo ya viatu vya mitumba, yeye akiwa na rula ya hesabu mkononi, akipindua kiatu kimoja baada ya kingine na kuwapigia kelele wauzaji milimita zao. Wauzaji walicheka, kisha mmoja wao akaanza kumpimia. Jozi ya kumi na saba, nyeusi, yenye kamba zinazoanzia karibu na vidole, ilikuwa na milimita 11. Aliivaa pale pale, akaenda hadi mwisho wa kichochoro cha wauza ndizi na kurudi, kisha akamwambia mama yake alipe.